Kigoda cha Uwanjani

Afisa alikuwa amezoea kukuta mahali pa tukio pamefagiliwa, lakini hapa palikuwa pamefyekwa kabisa. Majani ya uwanja wa vipimo yalikatwa sawasawa kutoka uzio hadi uzio, na katikati kilisimama kibanda cheupe cha mbao juu ya miguu minne mirefu. Kuta zake zilikuwa za vipande vya mbao vilivyolazwa mshazari ili upepo upite na jua lisipite. Ndani mlining'inia vipimajoto. Kila saa mtu wa zamu alikuja, akafungua mlango, akasoma, akafunga. Kazi yote ya kituo kile cha hali ya hewa ilianzia kwenye mlango ule, na malalamiko yalianzia hapohapo.

Afisa alijipima. Zebaki ilimfikia kwenye nyusi, naye si mfupi wala si mrefu. Mlalamikaji, ambaye alikuwa amekutana naye getini asubuhi ile, alikuwa mwanamke mzima ambaye utosi wake ulimfikia Afisa kifuani. Ndivyo alivyozaliwa. Alisoma kazi hii, akafaulu, akaajiriwa, na kwa miaka alisoma vipimajoto hivi akiwa amepanda juu ya kigoda cha ngazi mbili alichotengenezewa na kaka yake seremala. Kisha kigoda kikatoweka. Alipouliza, akaambiwa hakikuwahi kuwapo. Baada ya hapo vipimo vyake vikaonekana vina makosa, na sasa alikuwa na barua ya uhamisho: kuanzia Jumatatu aende makao makuu, masjala, akapange mafaili. Nafasi ya chuo cha utabiri hutolewa kwa walio uwanjani tu, na jina lake lilikuwa limekaribia kufikiwa. Akiingia masjala, hatatoka tena.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Kabla ya kuletwa Kitengo cha Malalamiko ya Watumishi, Afisa alikuwa polisi, dawati la wizi. Alidhani anakwenda kupumzika, akajidanganya. Mwizi hujua ameiba, kwa hiyo hukimbia, hutoka jasho, na uongo wake humkwaza mwenyewe. Anayebagua ofisini halali njaa wala haoti ndoto mbaya, maana alichokifanya amekwisha kukipa jina zuri: utaratibu, usalama, wakati mwingine huruma. Kati ya majina yote hayo, huruma ndiyo iliyomsumbua Afisa kuliko mengine.

Alianza na Mkuu wa Kituo. Wafanyakazi walimwita Radi, na kabla hajafika mlangoni Afisa alijua kwa nini. Mtu yule aliongea na simu kama vile waya haupo na sauti lazima ifike yenyewe. Alikuwa mgeni kituoni, amehamia tangu mvua zilizopita, na alitaka ijulikane mapema kwamba yeye hapendwi kwa sababu ya koo lake tu, si kwa sababu ya moyo wake.

"Mama, ubaguzi mimi sina," alisema. "Nina vipimo. Mlingoti, naibu wangu, anamaliza zamu, Nusu anaingia, na joto linaanguka ghafla. Akitoka Nusu akirudi Mlingoti, joto linapanda. Kila mara. Hewa haijui nani kaingia zamu."

"Nusu ni nani?"

"Huyohuyo mlalamikaji wako. Ndivyo wanavyomwita, nimewakuta wakimwita. Mwenyewe anacheka."

"Ulimuuliza?"

Mtu huulizwaje kuhusu jina la utani, Radi alitaka kujua. Mbona yeye mwenyewe anaitwa Radi na hajapeleka malalamiko wizarani? Afisa akamwambia kwamba Radi husaini barua za uhamisho, na Nusu huzipokea, na tofauti iko hapo.

Kuhusu kigoda, alikuwa na jibu fupi. Hajawahi kukiona. Wageni wa makao makuu walipokuja kukagua na kuiona ile tofauti, alimwuliza naibu wake, mtu wa siku nyingi kituoni, na naibu akasema kigoda hakipo na hakijawahi kuwapo. Yeye akaamini. Mlalamikaji akaleta kigoda kingine kutoka nyumbani, Radi akakirudisha getini, kwa kuwa hakuna kitu kinachoingia uwanjani bila idhini: kitu kigeni huzuia upepo na kutupa kivuli.

"Kwa hiyo ulimnyima ngazi, kisha ukamhamisha kwa kuwa hafiki," alisema Afisa.

"Nilimhamisha kwa kuwa anakosea."

"Ulikwenda uwanjani kumwona akikosea?"

Hakwenda. Afisa aliandika hilo, akalipigia mstari.

Pembeni mwa dawati, chini ya mtungi wa maji ya kunywa, palikuwa na kigoda kifupi cha rangi ya kahawia. Rangi ilikuwa mpya. Afisa aliomba mtungi utolewe, akakibinua. Radi alitazama shughuli ile mkono kiunoni, uso umeiva. Chini ya kigoda mbao ilikuwa kavu, haijawahi kuonja rangi, na ngazi ilikuwa moja tu. Afisa akakirudisha, akaomba radhi kwa usumbufu.

Alichokuwa anatafuta alikuwa ameelezwa vizuri. Asubuhi, kwenye benchi la getini, mlalamikaji alimweleza kwa maneno machache, kwa ukali wa mtu aliyechoka kuonewa huruma. Kituoni kila kinachokaa uwanjani hupakwa rangi nyeupe, na hupakwa kila mahali, hata chini, hata kwenye viungo, kwa sababu umande hauchagui. Kaka yake hakuwa mtu wa hali ya hewa, lakini alipoambiwa hivyo alikipaka kigoda mpaka vichwa vya misumari.

"Kwa hiyo dada, ukikiona utakijua," alikuwa amesema. "Kigoda cha sebuleni hakina haja ya kupakwa rangi matako."

Afisa alimuuliza pia kuhusu lile jina. Mwanamke yule alitazama barabarani. Alisema mwanzoni alicheka pamoja nao, maana usipocheka unaambiwa una kisirani. Siku moja aliwaomba waache. Wakacheka zaidi, na tangu siku hiyo akaacha kwenda kunywa chai na wenzake. Hunywa peke yake, kwenye chumba cha mitambo. Hakuna aliyemfuata huko kumuuliza kwa nini.

Naibu alimpokea Afisa kwa mikono miwili. Ndiye Mlingoti, na jina hilo nalo halikuhitaji maelezo. Kitu pekee ambacho alikiinamia ni kizingiti cha juu cha mlango wake, tena kwa shingo tu. Chumba chake ndicho kilichokuwa kijiwe cha chai cha kituo kizima. Chupa ya chai na vikombe vilipangwa juu ya kijimeza kifupi kilichofunikwa kitambaa cha kufumwa kilichofika sakafuni, kazi ya mkewe.

"Karibu, mama. Jimiminie tu, hapa ni nyumbani," alisema, akabaki amesimama wima.

Afisa akavuta kiti, na goti lake likagonga ubao chini ya kitambaa. Akajimiminia. Chai ilikuwa nzuri.

Mlingoti alimsifu mlalamikaji kuliko mtu yeyote aliyemsifu siku ile. Mdogo wake yule. Mchapakazi. Hana hili wala lile na mtu. Lakini uwanja una mvua, una tope, una nyoka wakati wa masika, na kila anapomwona akihangaika na mlango wa kibanda, yeye roho inamuuma. Masjala kuna kivuli, kuna kiti. Mtu akimpenda nduguye humtafutia pa kupumzika.

"Aliomba kupumzika?"

"Watu wa namna yake hawaombi, mama. Wana moyo mgumu. Lazima mtu awaonee huruma bila wao kujua."

Kuhusu kigoda alitikisa kichwa taratibu. Labda aliwahi kupanda ndoo. Labda alikiota, maskini, mambo yamekuwa mengi. Hayo yote aliyasema kwa upole, na Afisa alipoagana naye alihisi amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alikwenda kukaa getini. Mlinzi, mzee aliyekuwa na redio ndogo na maoni makubwa, alifurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Afisa akamuuliza maswali matatu yaliyoonekana hayana uhusiano. La kwanza: taka za kituo huchomwa wapi?

Hazichomwi, alisema mlinzi. Moshi na joto la moto huharibu vipimo. Mkuu aliyepita nusura amfukuze mtu aliyechoma majani makavu nyuma ya choo.

La pili: je, mtu anaweza kuchimba shimo humu ndani, tuseme akafukia kitu?

Mlinzi akacheka. Ardhini kuna vipimajoto vingine vinavyopima joto la udongo. Akionekana mtu na jembe humu ndani, wataalamu wote watatoka mbio kama nyuki.

La tatu: kitu kikitoka getini?

"Kuingia, mama, tunaangalia kwa macho. Kutoka ndiyo shughuli. Hata ufagio mbovu hautoki bila kibali. Mali ya serikali." Alifikiri kidogo. "Ila hicho kigoda, kama ndicho unachokizungukia, mimi nilikiona kinaingia. Kaka mtu alikibeba begani. Kutoka hakijatoka. Wala hakuna aliyeniuliza mpaka leo."

Hakikuchomwa, hakikufukiwa, hakikutoka. Afisa alikaa na mambo hayo matatu huku redio ikizungumza na nafsi yake. Kigoda kilikuwa ndani ya uzio. Mlalamikaji mwenyewe alikwisha kupekua stoo, jiko, gereji na vyoo. Wenzake wengi walikuwa wageni kama mkuu wao, na waliobaki hawakuwa watu wa kukumbuka ngazi ya mtu mwingine. Aliyekificha hakuhitaji kuwaogopa hao. Alihitaji kumkwepa mtu mmoja tu.

Hapo Afisa akajiuliza swali ambalo angepaswa kujiuliza tangu alipoketi pale kwenye benchi asubuhi. Ni wapi, katika kituo hiki, ambapo mwenye kigoda hafiki? Stoo anafika. Ofisi ya mkuu anafika, ndiko alikopewa barua. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakukanyaga kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkataza kwa mdomo. Huko Afisa mwenyewe alikuwa ameweka kikombe chake juu ya kitambaa cha kufumwa.

Hakukimbilia huko. Alimwomba Radi awaite mlalamikaji na naibu uwanjani saa ya kipimo ikikaribia, kisha akamwomba Radi amsindikize kwanza kwenye chumba cha chai. Akahamisha chupa na vikombe, akakunja kitambaa kwa adabu ya mgeni, akakibinua kile kilichokuwa chini yake. Kilikuwa na ngazi mbili. Kilikuwa cheupe juu, cheupe pembeni, cheupe chini mpaka vichwa vya misumari.

Radi aligusa vichwa vya misumari. "Nimekunywa chai juu yake miezi yote hii," alisema, na kwa mara ya kwanza hakusikika chumba cha pili.

"Umekunywa wewe, wamekunywa wote. Asiyekaribishwa ni mmoja tu, na ndiye ambaye angekitambua."

Afisa alikibeba mwenyewe. Mlalamikaji alikuwa tayari mbele ya kibanda, na alipoona kinachokuja alishika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaishikilia yote miwili tumboni. Mlingoti aliona pia, akageuza uso kutazama kipimamvua.

Afisa aliwaeleza anachotaka. Kila mmoja asome kipimajoto kama anavyosoma siku zote, amnong'oneze yeye peke yake. Alianza na naibu. Mlingoti akasogea, akasimama wima, akateremsha macho tu, akanong'ona. Akafuata mlalamikaji. Alikitikisa kigoda kwanza aone kama kimekaa sawa, akapanda ngazi mbili, uso wake ukawa mkabala na zebaki, akanong'ona. Namba yake ilikuwa chini ya ile ya naibu, kama Radi alivyosema.

"Sasa wewe, Mkuu. Kama ulivyofundishwa chuoni."

Radi alikuwa na kimo cha wastani na tumbo la wastani. Alikunja magoti mpaka macho yakalingana na zebaki, akashusha pumzi pembeni, akasoma. Kisha hakunong'ona, maana hakuweza. Akaitaja namba kwa sauti, na ilikuwa ya mlalamikaji.

Hakuna aliyehitaji kufafanua. Walikuwa wataalamu, na hilo ni somo la wiki ya kwanza: ukisoma kwa kutazama kutoka juu, unapata zaidi, ukisoma kwa kutazama kutoka chini, unapata pungufu, jicho lazima lilingane na zebaki. Tofauti ile ilikuwapo siku zote. Kwa miaka mwanamke yule alikuwa amesoma sawasawa juu ya kigoda chake, na kosa lilikuwa la mwenzake. Kigoda kilipoondolewa, yeye naye akawa anasoma kutoka chini, akichuchumia kwa vidole vya miguu, tofauti ikatanuka mpaka wageni wakaiona. Na katika kumtafuta mwenye kosa, hakuna aliyemtazama mtu mrefu.

"Inama," Radi alimwambia naibu wake. "Soma tena."

Mlingoti hakuinama. Alishika kiuno kwa mkono mmoja, akajaribu, akasimama. Uso wake ulikuwa na jasho ambalo halikutokana na jua. Afisa alikikumbuka kikombe alichoachiwa ajimiminie.

"Mgongo umeanza lini?" aliuliza.

Mzee Mlingoti alijibu akitazama majani. Ulianza zamani. Alimwona mwenzake mmoja, fundi wa mitambo, alivyosema goti linamuuma, na wiki iliyofuata akapelekwa masjala kusubiri kustaafu. Akaapa yeye hatasema. Aliposikia wageni wanakuja kukagua alijua wataiona ile tofauti, na watauliza ni nani. Usiku huo hakulala. Asubuhi alikiondoa kigoda, akajiambia ni kwa sababu wageni wasije wakamcheka mdogo wake akipanda na kushuka.

"Masjala uliiogopa wewe," alisema Afisa. "Ukampeleka yeye."

"Nilimhurumia, mama. Kweli nilimhurumia."

Afisa hakuwa na shaka kwamba alikuwa anasema kweli. Aliandika neno hilo kama lilivyotamkwa, na chini yake akaandika mambo mengine mawili: kwamba Mkuu wa Kituo alisaini uhamisho bila kufika uwanjani, na kwamba alimwita mtumishi kwa jina ambalo mtumishi alikwisha kuomba lisitumike. Radi aliyasoma kichwa kimeinama. Akasema barua ya Jumatatu ataifuta leo, kabla ofisi hazijafungwa, kwa mkono wake.

"Na hili la jina?" aliuliza Afisa.

Radi akageuka, akakohoa. "Mpimaji," alisema, "samahani."

Mpimaji alikuwa bado juu ya kigoda, kando kidogo, mkono mmoja kwenye mlango wa kibanda, na hasira aliyoibeba kwa miezi yote ile ilikuwa wazi usoni mwake, haikwenda popote kwa ajili ya neno moja. Alimtazama mzee aliyeshika kiuno. Kwa kimo cha ngazi zile mbili, hakuhitaji kuinua macho sana.

"Mzee, usikunje mgongo," alisema. "Tanua miguu. Kama twiga akinywa maji. Tanua tena. Mgongo uache wima, uteremke wote."

Mlingoti alitanua miguu, kidogo, kisha zaidi, viatu vyake vikiteleza kwenye majani mafupi. Macho yake yakashuka taratibu mpaka yakalingana na zebaki. Alisoma. Midomo ikacheza bila sauti. Alisoma tena, kama mtu anayetafuta kosa, kisha akaitaja namba, na ilikuwa ileile ya mpimaji.

Walibaki wameduwaa wote wanne mbele ya kibanda, karibu karibu, hakuna aliyejua nani aanze kuondoka.

"Haya, sogeeni," alisema Mpimaji. "Mmeacha mlango wazi mno, mnakipumulia kipimajoto. Mimi nina kipimo cha kuandika."

Wakasogea.